Gesi ya Wageni

Jina lake la kwenye vyeti halikuwa na kazi nyumbani. Mama Mdogo aliyemlea alimwita Maswali tangu akiwa na miaka minne, kwa kuwa mtoto yule hakuwa na breki mdomoni: kwa nini jogoo hatagi, kwa nini chai ya moto haimwunguzi Mama Mdogo, kwa nini mama yake mzazi amelazwa ardhini na si kitandani. Hilo la mwisho Mama Mdogo hakulijibu kwa maneno. Alimbeba mgongoni siku nzima, akafua naye, akapika naye, miguu ya mtoto ikining'inia kwa sababu alishapita umri wa kubebwa. Majirani waliposema mtoto ana maswali mengi kama polisi, aliwaambia kuuliza si ujinga, mwacheni aulize, ipo siku kutampa kula.

Ikawa kweli. Alipofika miaka ishirini na sita, Maswali aliajiriwa ofisi ya takwimu kuwa mdadisi, yaani mtu wa kupita nyumba hadi nyumba na kuuliza. Mshahara wa kwanza ulipoingia hakununua nguo wala simu. Alinunua mtungi wa gesi na jiko la plati mbili, akapakia kwenye taksi, akampelekea Mama Mdogo. Tangu akili yake ipate kukumbuka, Mama Mdogo alikuwa akichemsha maharage ya kuuza kwenye majiko ya mkaa, masufuria matatu kwa siku, na ndiyo maharage yaliyomsomesha Maswali hadi chuo.

"Sasa basi," Maswali alimwambia siku ile. "Umepika vya kutosha. Maharage uache. Hiki ni cha chai yako na ubwabwa wako, upumzike."

"Nimeacha, mwanangu," Mama Mdogo alisema, na akalipangusa jiko jipya kwa upindo wa nguo yake, ingawa halikuwa na vumbi.

Liliwekwa juu ya meza ndogo kwenye kona ya sebule, maana jikoni, kwa nyuma, hapakuwa na pa kuliweka. Kila Jumapili Maswali alipokwenda kumsalimu alikuta birika juu ya moto wa buluu. Mama Mdogo alizungusha kitufe kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Walikunywa chai, walicheka, jioni Maswali aliondoka roho yake imetulia. Miaka mitatu ilikwenda hivyo.

Ndipo ukaja utafiti mkubwa. Serikali ilitaka kujua nchi nzima inapikia nini: wangapi wako kwenye kuni, wangapi kwenye mkaa, wangapi wamehamia gesi au umeme, na katika miaka mitano mambo yamekwendaje. Wadadisi walikusanywa wiki mbili kufundishwa. Aliyewafundisha alikuwa msimamizi wao, mwanamume mwembamba aliyekaribia kustaafu, ambaye hata njaa aliisema kwa hesabu. Saa sita ikikaribia angesema, "Jamani, njaa yangu imefika asilimia themanini." Wakamwita Mzee Asilimia, naye alijua na hakukasirika.

"Sikilizeni," Mzee Asilimia aliwaambia siku ya mwisho. "Hatuwezi kuingia kila nyumba. Tumechagua chache kwa bahati nasibu, na kila moja mtakayoingia inasimama badala ya nyumba mia sita ambazo hatutazigusa. Ukiandika vibaya nyumba moja, umeandika vibaya mia sita. Kwa hiyo swali la mwisho kwenye dodoso si pambo. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe mahali anapopikia. Uingie, uone kwa macho, ndipo uweke tiki. Na ukikuta nyumba ya ndugu yako kwenye orodha, mpe mwenzako. Ndugu hawaulizani vizuri."

Orodha ya Maswali ilipotoka ilikuwa na mtaa aliokulia, na nyumba ya thelathini na moja ilikuwa ya Mama Mdogo.

Alipaswa kuitoa. Alikusudia kuitoa. Lakini mwenzake aliyekuwa karibu alikuwa na kaya zake ng'ambo ya mto, na kumwita kungemaanisha siku nzima kupotea. Isitoshe, ile nyumba aliijua kuliko mfuko wake mwenyewe. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema hata moyoni kwa sauti: alitaka Mama Mdogo amwone kazini, amevaa kizibao cha ofisi, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi.

Alifika saa tisa alasiri, siku ya Jumatano. Alimpigia simu akiwa njiani, kwa hiyo alikuta Mama Mdogo amebadilisha nguo, amekaa wima kwenye kochi, mikono magotini, kama anayepigwa picha ya pasipoti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, mkubwa wa serikali. Nisimame au nikae?"

"Kaa bwana. Ni maswali tu."

"Hayo nimeyazoea."

Wakacheka wote. Maswali akaanza: watu wangapi wanalala hapa, paa la nini, maji yanatoka wapi. Mama Mdogo alijibu kila kitu kwa utaratibu wa mtoto wa shule aliyesoma usiku. Likafika swali lenyewe.

"Chanzo kikuu cha nishati unachotumia kupikia?"

Mama Mdogo alimtazama usoni, kisha akatazama kile kitambulisho.

"Si unajua."

"Najua, lakini lazima nikuulize. Ndiyo kazi."

"Haya." Alikohoa kidogo, akapitisha mkono mdomoni. "Andika gesi."

"Hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Vumbi tu. Si unaona barabara wanavyoichimba."

Swali lililofuata lilikuwa kama kuna chanzo cha pili. Maswali hakulisoma. Alikuwa na kaya mbili zaidi kabla ya giza, miguu imevimba, na jibu alikuwa nalo. Aliandika hakuna. Kisha likaja lile la mwisho, la kuona mahali panapopikiwa. Mama Mdogo alikwisha kusimama.

"Huko nyuma nimemwaga maji, pameloa. Ngoja nikutilie chai."

Maswali aligeuza shingo. Jiko la gesi lilikuwa pale pale kwenye kona, juu yake sufuria limefunikwa kitambaa cheupe. Si ameona? Aliweka tiki. Haikuchukua hata sekunde mbili.

Na ikiwa ni kusema kweli, haikuwa tiki ya kwanza ya namna hiyo. Tangu wiki ya pili, jua lilipomchosha na watoto wa mitaani walipoanza kumfuata nyuma wakiimba "dada wa jiko," alikuwa akisimama mlangoni, anauliza, anaona mtungi sebuleni, anaandika gesi, anaaga. Watu walikuwa wakarimu kwake. Walimpa jibu alilokuwa na hamu nalo, na kiti cha kupumzikia, na maji ya kunywa. Alikuwa mdadisi wa kwanza kumaliza orodha katika kundi lake. Mzee Asilimia alimsifu mbele ya wenzake.

Miezi minane baadaye ripoti ilizinduliwa kwenye ukumbi wenye viti vilivyovishwa vitambaa. Ukutani palionyeshwa mchoro: mstari wa gesi unapanda, mstari wa mkaa unashuka, na mahali fulani katikati imekatana. Watu walipiga makofi pale ilipokatana. Ofisa mmoja akaeleza kwamba kwa kuwa fedha hazitoshi kila mahali, mpango wa kugawa majiko na gesi ya bei nafuu utaanzia kata zilizobaki nyuma, si zile ambazo tayari zimevuka. Akazitaja zilizovuka. Kata ya Mama Mdogo ilikuwa ya tatu. Maswali naye alipiga makofi, na alipotoka nje akampigia simu.

"Mama, mtaa wetu umevuka."

"Umevuka kwenda wapi?"

"Mmeshatoka kwenye mkaa. Imetangazwa leo, nchi nzima imesikia."

Upande wa pili kikasikika kikohozi, kirefu, kikavu.

"Basi vizuri, mwanangu," Mama Mdogo akasema. "Hongera."

Kikohozi kile hakikuondoka na vumbi la barabara. Barabara ilikwisha, ikatiwa lami, magari yakaanza kupita, na Mama Mdogo bado anakohoa. Akawa anasimama katikati ya sentensi kutafuta pumzi. Kutoka kwenye duka la kona hadi mlangoni kwake alikuwa akipumzika mara mbili, na alificha kwa kujifanya anasalimiana na watu. Maswali alimwona, akaomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa dada wa makamo, mpole, mwenye mwandiko unaosomeka. Alimpima Mama Mdogo mgongoni na kifuani, akamwambia avute pumzi, aachie, avute tena. Akauliza umri. Akauliza kama amewahi kuvuta sigara. Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi, "Nyumbani anapikia nini? Kuni? Mkaa?"

Mama Mdogo alifungua mdomo.

"Gesi, daktari," Maswali alisema. "Karibu miaka minne sasa. Nilimnunulia mwenyewe."

Mama Mdogo akafunga mdomo. Daktari akaandika.

Kama si moshi, basi kitu kingine, na wakaanza kukitafuta hicho kingine. Walipima makohozi mara tatu wakitafuta kifua kikuu, hawakukiona. Walimpa vidonge vya maambukizi, akavimaliza. Walifikiri pengine ni tindikali ya tumbo inapanda, wakampa dawa yake. Wakashuku vumbi, Maswali akanunua mapazia mapya na kuyatupa ya zamani. Kila mwezi walirudi, kila mwezi daktari alikunja uso akitazama faili na kusema, "Hii haielekei." Miezi mitano ilipotea hivyo, na kila asubuhi ya miezi hiyo Mama Mdogo aliamka, akasukuma mlango wa nyuma, akafanya alilokuwa akilifanya siku zote.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Asubuhi moja Maswali akiwa ofisini simu iliita. Alikuwa jirani wa Mama Mdogo, mama wa watoto pacha, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha.

"Njoo hospitali, dada. Mama ameanguka jikoni. Tumemkuta hajitambui."

Alipofika, Mama Mdogo alikuwa amelazwa, kinyago cha oksijeni kimefunika pua na mdomo, macho yamefumba. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Maswali hakuwahi kuiona kwa mtu aliye hai. Muuguzi akamwambia hali imetulia kidogo, lakini atakaa siku nyingi. Aende kumletea nguo na chupa ya chai.

Mama Pacha alimsindikiza. Nguo zilikuwa chumbani, chupa ya chai haikuonekana. "Itakuwa nyuma," Mama Pacha akasema, na Maswali, ambaye kwa miaka minne na zaidi hakuwa amevuka sebule ya nyumba ile aliyokulia, alisukuma mlango wa nyuma, akavuka ua, akaingia jikoni.

Kuta zilikuwa nyeusi hadi darini, nyeusi ya kung'aa, kama zimepakwa lami. Dirishani palikuwa pametundikwa gunia ili mvua isizime moto, na mlango nao ulikuwa ukifungwa kwa sababu hiyo hiyo. Chini yalikuwepo majiko matatu ya mkaa, kila moja na sufuria lake. Moja lilikuwa bado na uvuguvugu. Maswali alifunua kifuniko: maharage, nusu yameiva, yamejaa hadi shingoni. Kando ya ukuta gunia la mkaa lilikuwa limefunguliwa, na juu yake kopo la kupimia.

"Aliniambia ameacha," Maswali alisema.

Mama Pacha alijiegemeza kwenye kizingiti. "Angeachaje? Angekaa anatazama ukuta? Na watu wa mtaa mzima wanakula maharage yake."

"Na gesi?"

"Ile ni gesi ya wageni, dada." Alisema bila kejeli, kama anavyosema mtu jambo lijulikanalo. "Ukija Jumapili anaiwasha. Sisi hujua umekuja, maana siku hiyo hakuna moshi unaovuka ukuta kuja kwetu. Mwenyewe hutania, mgeni njoo mwenyeji apone, leo mapafu yangu yana likizo. Maharage yanachemka saa tatu nzima, utayapika kwa gesi gani? Mtungi ukiisha lazima uujaze wote, hawakupimii wa leo tu. Mkaa unakwenda na kopo, unachukua wa mchana, wa jioni utajijua. Mtungi ule aliujaza mara mbili tangu umletee. Mara zote mbili kwa ajili yako."

Maswali alikaa juu ya kigoda. Kigoda kilikuwa kile kile cha utoto wake.

"Na wewe?" aliuliza. "Nilikuja kwako pia. Uliniambia gesi."

"Niliona umechoka," Mama Pacha alisema. "Ulikuwa umesimama pale mlangoni, miguu imekuvimba mpaka viatu vinakukata. Umeuona mtungi kabla sijakuonyesha, ukafurahi. Nikasema mtoto wa watu, nimrefushie kazi ya nini. Mtungi ninao kweli. Hukuniuliza kama una kitu ndani."

Jioni hiyo hiyo Maswali alimtafuta daktari. Alimkuta koridoni akielekea wodini, akamwambia yote akiwa amesimama: majiko matatu, dirisha lililozibwa, miaka zaidi ya ishirini. Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua faili, akarudi kurasa nyingi nyuma, akalikuta lile neno gesi kwa mwandiko wake mwenyewe, akalikata kwa mstari mmoja.

"Ningelijua hili mwezi ule wa kwanza," alianza, lakini akaona uso wa Maswali, akaiacha sentensi pale. Alimweleza kwa upole kwamba mapafu yameliwa na moshi, kidogo kidogo, kwa miaka mingi, na kilicholiwa hakirudi. Dawa za kumsaidia kupumua zipo. Lakini miezi hii mitano alikuwa akipoteza kile kidogo kilichobaki, naye angeweza kukilinda kama angeondolewa kwenye moshi mapema.

"Ni mimi niliyejibu," Maswali alisema.

"Mimi ndiye niliyeandika," daktari alisema. "Nilimwuliza mgonjwa, nikamsikiliza binti yake."

Siku ya nne Mama Mdogo alivuliwa kinyago, akaachiwa mpira mdogo wa puani. Aliweza kusema maneno machache, anapumzika, anasema mengine. Maswali alikuwa akimlisha uji. Alijizuia kwa muda mrefu, kisha akashindwa.

"Kwa nini uliniambia gesi, Mama?"

Mama Mdogo alimeza uji. "Ulikuja na kitambulisho shingoni. Nimekulea kwa moshi ili utoke kwenye moshi. Sasa umekuja kuandika habari za watu, na mimi nikuandikishe aibu? Ungeona zawadi yako ya kwanza nimeifanya meza ya vyombo."

"Ningekuelewa."

"Labda." Akapumzika. "Ungenigombeza kwanza."

Ilikuwa kweli.

"Na hapa hospitali? Daktari alikuuliza wewe."

"Nilitaka kusema. Siku ile nilitaka kabisa, nilikuwa nimeshaogopa." Mama Mdogo aligeuza uso kumtazama, bila lawama yoyote, na hilo ndilo Maswali alilobeba miaka mingi baadaye. "Uliwahi. Tangu utoto wako unauliza, mwanangu. Siku ile ukajibu."

Maswali alichukua kijiko, akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

Jumatatu alikwenda kwa Mzee Asilimia, akafunga mlango, akamweleza habari ya Mama Mdogo, na ya Mama Pacha, na za wengine. Mzee alivua miwani.

"Nyumba ngapi hukuingia?"

"Arobaini na tatu."

Mzee hakushika kikokotoo. Midomo yake ilicheza kidogo. "Elfu ishirini na tano na mia nane," alisema. Safari hii hakutafuta asilimia yake. "Nyumba njema si mlango, binti yangu. Hata wasiosoma takwimu wanalijua hilo."

"Nifukuze kazi."

"Nikikufukuza nyumba zitajiandika?" Alivaa miwani, akavua tena. "Na wala sidhani ulikuwa peke yako. Ila wewe ndiye uliyekuja kusema."

Alipewa barua ya onyo, akaondolewa kazi ya mitaani, akawekwa chumba cha nyuma kuingiza takwimu za mifugo. Nyumba zile arobaini na tatu zilirudiwa na wadadisi wengine, nao waliingia hadi jikoni. Ishirini na tisa zilikutwa zinapikia mkaa, na mtungi upo sebuleni kwa heshima. Lakini ripoti ilikwisha kuchapwa na kusambazwa. Mchoro ulikuwa kwenye kalenda za ofisi. Majiko ya bei nafuu yalikwisha kupelekwa kata nyingine, na watu wa huko waliyahitaji pia, hakuna aliyeweza kwenda kuwanyang'anya. Kilichowezekana ni maandishi madogo chini ya ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, katika chapa ya pili, yanayosema kwamba baadhi ya takwimu za mijini zisomwe kwa tahadhari. Maswali aliyasoma mara nyingi. Hakuwahi kukutana na mtu mwingine aliyeyasoma.

Mama Mdogo aliruhusiwa kutoka baada ya wiki tano. Maswali alikuwa ameandaa chumba nyumbani kwake, upande wa pili wa mji, lakini Mama Mdogo alitaka kwake, na daktari alisema hakuna ubaya mradi asisogelee moshi. Maswali aliyatoa majiko yote matatu, akamwajiri fundi akwangue kuta na kuzipaka chokaa, akajaza mtungi. Aliomba likizo akae naye.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri hadi saa kumi na moja jioni. Saa hiyo mtaa ulianza kupika. Kwa Mama Pacha, kwa fundi cherehani, kwa wapangaji wa nyumba ya nyuma, kila ua ulikuwa na jiko lake linapepewa. Moshi ulivuka kuta zote bila kubisha hodi. Maswali alifunga madirisha, akaziba chini ya mlango kwa shuka iliyoloweshwa maji. Mama Mdogo alikaa kitandani amejiinamia, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Siku ya pili ikawa vile vile, asubuhi na jioni. Siku ya tatu Mama Mdogo mwenyewe alisema, "Nipeleke kwako."

Hakuna aliyewatangazia majirani, lakini mtaa hauna siri. Ilikuwa saa sita mchana, saa ya sufuria kuwa motoni, na taksi haikuweza kuingia kwenye kichochoro. Iliwabidi watembee hadi barabarani, mwendo ambao mtu mzima huumaliza kwa dakika tatu. Walipotoka mlangoni, Mama Pacha alikuwa ameshainamisha mgongo. Aliinua sufuria lake, akaliweka chini, akashika jiko kwa matambara mawili, akalikimbizia nyuma ya nyumba. Fundi cherehani akafanya hivyo. Mbele yao mwanamke mwingine akamwagia mkaa wake maji, akageuza uso kuukwepa mvuke. Kichochoro chote kikawa hivyo, mlango kwa mlango, watu wanaondoa majiko njiani ili mgonjwa apite. Chakula kikabaki chini kimefunikwa, nusu kibichi. Hakuna aliyesema neno kubwa. Walisema, "Ugua pole, Mama," na, "Utarudi tu," na Mama Mdogo aliinua mkono kila mahali, maana pumzi ya kujibu hakuwa nayo.

Maswali alimshika kiwiko. Nyumba nyingi kati ya hizo alikuwa ameziandika kwa mkono wake, na sasa, akipita, kila jiko lililoinuliwa lilikuwa ni jibu. Alitaka kusimama aombe radhi kwenye kila mlango. Lakini Mama Mdogo alikuwa mzito mkononi mwake, na moshi usingesubiri.

Ndani ya taksi Mama Mdogo alikaa muda mrefu akitafuta pumzi. Ilipopatikana, jambo la kwanza alilosema lilikuwa kuhusu sufuria la Mama Pacha.

"Yale yalikuwa maharage," alisema. "Nimesikia harufu. Yakishushwa katikati, hata uyarudishe motoni, yanabaki na kiini kigumu."

"Atayapika tena, Mama."

"Atayapika. Watoto watakula hivyo hivyo."

Dereva akauliza wanaelekea wapi. Maswali akamwelekeza. Mama Mdogo aliishi naye mwaka mmoja na miezi saba, kwenye chumba chenye dirisha kubwa na hewa safi, na kila alipoulizwa anataka nini alisema hataki kitu, yuko sawa. Mtaani kwake hakulala tena.